Kutoka Kambini Kwenda Wapi? Msamiati wa Makazi katika Misaada ya Serikali kwa Wanajeshi wa Zamani wa Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maneno yanayotumiwa katika misaada ya serikali kwa wanajeshi wa zamani yanavyoamua nani ahesabiwe kuwa hana makazi katika majiji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba mipango iliyotekelezwa tangu mwaka 1992 ilijengwa juu ya dhana kwamba kila askari ana kwao pa kurudi, na kwamba huko kwao ardhi inamsubiri. Pale ambapo dhana hiyo haikuwa kweli, vifaa na fedha za kuanzia maisha havikuweza kuzaa makazi ya kudumu. Makala yanachambua majina anayopewa mwanajeshi wa zamani, yanatofautisha dhana za nyumba, makazi na kwao, kisha yanapitia mifano ya Uganda na Kenya inayoonesha tofauti kati ya kuruhusiwa kukaa na kumiliki. Mwisho yanapendekeza maswali manne ya kuingizwa katika fomu za uhakiki kwa Kiswahili, lugha ambayo askari hao walifanyia kazi.

Istilahi muhimu: makazi, mwanajeshi mstaafu, veterani, umiliki wa ardhi, Kiswahili cha jeshi

1.0 Utangulizi

Historia ya Jinja na Mbale haitenganishiki na historia ya jeshi. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiutumikia utawala wa Kiingereza waliasi na kuiteka ngome ya Luba katika Busoga. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwamo ujira mdogo na safari za mfululizo. Baadaye Jinja ikawa kituo cha kikosi cha nne cha King's African Rifles (KAR). Januari 1964, miezi kumi na mitano baada ya uhuru, askari wa kambi ya Jinja waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, wakamzuia waziri aliyekwenda kuzungumza nao. Mbale nayo, chini ya Mlima Elgon, ina kambi ya Bugema. Tarehe 1 Julai 2020 miji yote miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji, na kwa hiyo suala la nani ana haki ya kukaa wapi limepata uzito mpya, kwa kuwa mipaka ya jiji hupandisha thamani ya kila kiwanja kilichomo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Lengo la XIV la malengo ya taifa, inaielekeza serikali kuhakikisha kwamba raia wote wanapata elimu, huduma za afya, maji safi na salama, kazi, makazi ya heshima, mavazi ya kutosha, uhakika wa chakula pamoja na pensheni na mafao ya kustaafu. Makazi na pensheni yametajwa katika sentensi moja. Ibara ya 254 inaongeza kwamba pensheni ya mtumishi wa umma ilipwe kwa wakati, mfululizo, na kwa njia iliyo rahisi kufikiwa na mstaafu. Kwa maandishi, basi, msingi upo. Ugumu huanza pale ofisa anapotakiwa kuamua ni nani anayelengwa. Kabla fundi hajapima kiwanja, kuna mtu aliyejaza fomu, na fomu ni maandishi yenye istilahi zilizochaguliwa na mtu fulani. Ndiyo maana suala hili linawahusu pia wanaisimu.

Lugha ina nafasi ya pekee katika jambo hili. KAR ilitumia aina sahili ya Kiswahili iliyojulikana kama Ki-KAR. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza katika hadhi hiyo na kukifundisha kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa raia wengi wa Uganda Kiswahili bado ni lugha ya kujifunza, na kwa baadhi yao kimebeba kumbukumbu chungu za askari wa tawala zilizopita. Kwa mwanajeshi wa zamani hali ni tofauti. Msoga, Mgisu, Mteso na Mwacholi waliokaa kambi moja waliamriwa, walifunzwa na walitaniana kwa Kiswahili. Hata hivyo, siku anapotoka kambini, stahili zake huandikwa kwa Kiingereza.

2.0 Majina ya mtu mmoja

Jina rasmi la Kiingereza la wizara ya ulinzi ya Uganda limebeba neno ambalo Kiswahili kimelikopa kuwa veterani. Neno hilo likifasiriwa, Kiswahili hutoa majina kadhaa, na kila jina huingiza watu fulani na kuwaacha wengine.

La kwanza ni mstaafu. Kitenzi kustaafu, chenye asili ya Kiarabu, kinabeba maana ya kuomba kuachiwa wajibu. Mstaafu ni mtu aliyetoka kwa utaratibu: ana barua, tarehe na namba ya jeshi. Jina hili halimfikii kwa urahisi askari wa jeshi lililosambaratika. Uganda ilipata majeshi ya namna hiyo mara mbili katika kipindi kifupi: jeshi la Amin mwaka 1979, na jeshi lililofuata lililoangushwa Januari 1986. Askari wa majeshi hayo hawakustaafu. Walitawanyika, na karatasi zao zilipotea pamoja na ofisi zilizozihifadhi. Anayetakiwa kuthibitisha utumishi wake leo hutakiwa kuonesha ushahidi uliokuwa mikononi mwa taasisi ambayo haipo tena.

La pili ni mkongwe, neno la umri na uzoefu. Halimfai kijana aliyepoteza mguu akiwa na miaka ishirini na minane. La tatu ni mpiganaji wa zamani, jina pana zaidi, linalomjumuisha hata aliyepigana upande wa waasi. La nne ni veterani lenyewe, ambalo matumizi ya Uganda yamelipa upana wa aina yake. Kwa Kiganda maveterani huitwa abazirwanako, yaani waliowahi kupigana vita hivyo, na jina hilo hutumika pia kwa raia waliowasaidia wapiganaji wa NRA katika eneo la Luwero kati ya mwaka 1981 na 1986. Malipo wanayopewa raia hao huitwa akasiimo, kutokana na kitenzi kusiima, yaani kushukuru au kuridhika na jambo.

Uteuzi wa maneno hapa una matokeo. Pensheni ni haki ambayo sheria huikadiria kwa cheo, mshahara na muda wa utumishi. Kiinua mgongo ni malipo ya mkupuo ya kumwezesha aliyeinama kazini kusimama wima. Akasiimo ni shukrani, na shukrani haina kiwango ambacho mpokeaji anaweza kukidai mahakamani. Msaada wa nyumba ukiingizwa katika kundi la shukrani, utategemea hiari ya mtoaji. Ukiingizwa katika kundi la haki, utahitaji vigezo, bajeti na ngazi ya rufaa.

Afrika Kusini ilichukua njia ya pili. Sheria yake ya Maveterani wa Kijeshi, namba 18 ya mwaka 2011, ilianza kwa kufafanua veterani ni nani. Iliwajumuisha askari wa majeshi ya serikali pamoja na wapiganaji wa majeshi ya ukombozi, kisha ikataja makazi miongoni mwa mafao. Ufafanuzi haukumaliza foleni ya wanaosubiri, lakini aliye katika foleni anajua jina lake katika sheria ni lipi.

3.0 Nyumba, makazi na kwao

Istilahi asiye na makazi inahitaji uangalifu uleule. Marekani, ambako suala la maveterani wasio na makazi limeandikiwa sana, huwahesabu watu usiku mmoja wa mwezi Januari kila mwaka: wanaolala nje na wanaolala katika vituo vya hifadhi. Kwa hesabu hiyo, idadi ya maveterani wasio na makazi ilishuka kutoka zaidi ya 74,000 mwaka 2010 hadi chini ya 33,000 mwaka 2024. Kushuka huko kulichangiwa na mpango wa vocha za kodi ya nyumba zinazoambatana na huduma ya maofisa wa ustawi, ulioanza mwaka 1992 na kupanuliwa tangu mwaka 2008. Fundisho la mfano huo ni kwamba serikali ilipokubaliana juu ya nani anahesabiwa, iliweza kupima kama fedha zake zinafanya kazi.

Kipimo chenyewe, hata hivyo, hakihamishiki kama kilivyo. Mwanajeshi wa zamani aliyekwama Jinja au Mbale mara nyingi hatapatikana kando ya barabara. Atakuwa katika chumba cha shemeji, katika banda lililo nyuma ya nyumba ya kaka yake, au katika muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga kilicho katika safu ya vyumba vya aina hiyo. Atakayewahesabu wanaolala nje tu atawaacha wengi wenye shida, kisha ataripoti kwamba tatizo ni dogo.

Kiswahili kina maneno yanayoweza kulipambanua jambo hili. Nyumba ni jengo. Makazi ni mahali mtu anapokaa kwa kudumu, pamoja na huduma na usalama wake. Makao yanakaribiana na makazi, lakini hutumika pia kwa kituo cha shughuli, kama inavyosemwa makao makuu ya jeshi. Kwao si jengo wala kiwanja; ni kivumishi cha kumiliki kilichopewa upatanisho wa mahali, na kinamrejesha mtu kwa watu wake. Sentensi amerudi kwao husemwa na kueleweka bila kudai kwamba aliyerudi ana nyumba. Huweza kuwa kweli hata pale ambapo aliporudi alikuta shamba limegawanywa na ndugu zake.

Askari wenyewe wana neno jingine: uraiani. Kutoka jeshini ni kurudi uraiani. Kiambishi -ni kinaligeuza neno lenye maana ya hali ya kuwa raia kuwa jina la mahali, kana kwamba kuna mji uitwao hivyo ambao kila aliyevua sare atapokewa humo. Mtu aliyezaliwa katika nyumba za kambi, akakulia humo na akaandikishwa kutokea humo, harudi uraiani kwa maana ya kurudi. Anakwenda huko kwa mara ya kwanza, tena akiwa mtu mzima mwenye wategemezi.

4.0 Mipango iliyomtafutia askari kwao

Mwaka 1992 serikali ya Uganda iliunda Bodi ya Kuwasaidia Maveterani na kuanza kupunguza jeshi la NRA, lililokuwa limepanuka kwa kuwapokea wapiganaji wa makundi mengine. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 1995, kwa ufadhili uliosimamiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wanajeshi 30,000 walikuwa wameachiwa kwa awamu tatu. Kila mmoja alisafirishwa pamoja na wategemezi wake hadi wilaya aliyoichagua, akapewa fedha na vifaa vya kuanzia maisha, vikiwamo vya ujenzi na vya kilimo. Kwa viwango vya Afrika ya wakati huo mpango huo ulisifiwa, na utafiti wa Colletta, Kostner na Wiederhofer uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 1996 uliuweka pamoja na mifano ya Ethiopia na Namibia.

Muundo wa mpango ulikuwa wa kijijini. Ulidhani kwamba anayepewa vifaa vya ujenzi ana mahali pa kujenga, na anayepewa mbegu ana pa kuzipanda. Kwa wengi ilikuwa hivyo. Kwa wengine haikuwa hivyo, na sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kutoka mashariki mwa nchi.

Mbale na wilaya jirani ziko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, penye msongamano mkubwa wa watu na mashamba madogo. Miongoni mwa Wagisu, kijana aliyetahiriwa katika imbalu huhesabiwa kuwa mwanamume kamili anayestahili kupewa sehemu ya ardhi ya baba yake. Askari aliyeondoka baada ya imbalu na kurudi baada ya miaka ishirini huweza kukuta sehemu yake ikilimwa na ndugu, imezibwa kwa makaburi, au imeuzwa kwa mtu wa ukoo mwingine ambaye hana hatia. Ardhi ya kimila inalindwa na Katiba, lakini hulindwa kwanza na kuonekana kwa mtu shambani. Askari, kwa kazi yake, haonekani.

Hali ya mke huwa ngumu zaidi. Kambi huwakutanisha watu wa pande zote za nchi, na askari wengi huoa mbali na kwao. Mke wa Kiteso anayefuatana na mumewe hadi kijiji cha Busoga huingia katika ukoo usiomjua, na mume akifariki, swali la yeye ni nani hapo huulizwa upya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inamhakikishia mwenzi usalama wa kukaa katika ardhi ya familia, na marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yameimarisha nafasi ya mjane katika nyumba ya ndoa. Lakini haki hizo humfaa yule ambaye familia yake ilikuwa na ardhi. Mjane ambaye nyumba yake pekee ilikuwa ya kambi hana ardhi ya familia ya kushikilia.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliongeza kundi jingine. Mpiganaji wa uasi aliyejisalimisha alipewa cheti, shilingi 263,000 na vifaa vya nyumbani kama godoro, blanketi, sufuria na jembe. Tume ya Msamaha ilikuwa na ofisi ya kanda mjini Mbale, katika eneo ambalo mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa na makundi ya uasi, hasa katika Teso. Ukiitazama orodha hiyo ya vifaa, utaona kwamba ni vifaa vya kuingiza ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe ilidhaniwa kuwa ipo. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mipango yote miwili ililitoa jembe na kuwaachia ukoo swali la shamba.

5.0 Kuruhusiwa kukaa na kumiliki

Kama upungufu ungekuwa wa majengo tu, suluhisho lingekuwa kujenga. Historia ya Afrika Mashariki inaonesha kwamba jengo bila hati haliwi makazi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Kibera, Nairobi. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza uliwaruhusu askari wa Kinubi wa KAR, ambao wengi wao walikuwa na nasaba moja na askari wa Kisudani walioletwa Uganda, kuishi pamoja na familia zao katika eneo la zaidi ya ekari 4,000. Ruhusa hiyo ilikuwa badala ya pensheni, lakini haikuwa umiliki. Mwaka 1919, baada ya vita vilevile, mpango wa kuwapa makazi wanajeshi wa Kizungu uliwagawia mashamba katika nyanda za juu za Kenya kwa hati za muda mrefu. Wanajeshi wa vita vimoja na serikali moja walipewa vitu viwili tofauti: huyu hati, yule ruhusa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki za Wanubi wa Kenya zilikuwa zimekiukwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ardhi ya jamii ya ekari 288. Zilipita takriban miaka mia moja kabla ya neno ruhusa kubadilika kuwa hati, na ardhi iliyosalia ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya mwanzo.

Uganda ina mfano wake, na Jinja na Mbale ziko katikati yake. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, waliokuwa wamejenga sehemu kubwa ya maduka na nyumba za miji hiyo miwili. Majengo yaligawiwa, na wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliogawiwa. Kwa mwanajeshi wa cheo cha chini aliyepata chumba mjini, huo ulionekana kuwa msaada wa makazi kutoka kwa serikali. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya mali zilizotwaliwa, na katika miaka ya 1990 wamiliki wengi wa awali au warithi wao walirejeshewa majengo yao. Haki ya wamiliki hao haina mjadala. Lililo muhimu hapa ni kwamba aliyegawiwa nyumba hakuwa amepewa chochote ambacho sheria ingeweza kukilinda, na familia iliyoijenga maisha yake juu ya mgao huo ilibaki bila mahali.

Mifano hii miwili inabainisha vitenzi ambavyo watunga sera hawana budi kuvitenganisha: kukaa, kupanga, kugawiwa na kumiliki. Vyote vinne humpa mtu paa usiku wa leo. Kumiliki, na kupanga kwa mkataba, ndivyo vinavyompa jibu atakapoulizwa kesho yuko hapo kwa idhini ya nani.

6.0 Uzoefu uliopo katika majiji haya mawili

Jinja na Mbale hazianzi kutoka sifuri. Mwaka 1989 huko Masese, Jinja, ulianzishwa mradi wa wanawake wa kujijengea nyumba kwa msaada wa Denmark. Ulifuatiwa na miradi ya nyumba za gharama nafuu ya Mpumudde, Jinja, na Malukhu, Mbale. Mwaka 2010 majiji yote mawili yaliingizwa katika mpango wa kitaifa wa kuboresha makazi ya watu maskini wa mijini, pamoja na Arua, Kabale na Mbarara. Miradi hii iliwalenga wakazi wa kipato cha chini wa maeneo husika. Mwanajeshi wa zamani aliweza kuingia humo kama mkazi wa eneo, si kwa utumishi wake.

Karibu na Mbale uko mfano mwingine. Baada ya maporomoko ya ardhi yaliyoua mamia ya watu Bududa mwaka 2010, na mengine yaliyofuata, serikali ilinunua ardhi Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, na kujenga nyumba za kuwahamishia waathirika. Kaya za kwanza zilihamia mwaka 2019, na wahandisi wa jeshi walishiriki katika ujenzi. Serikali, basi, ina uwezo wa kununua ardhi, kujenga na kuhamisha watu katika eneo hilohilo. Jeshi lenyewe lina mafundi.

Kwa walio kazini upo pia ushirika wa akiba na mikopo wa Wazalendo, ulioanzishwa mwaka 2005, ambao jina lake la Kiswahili linaonesha lugha ambayo wanachama wake wanaelewana. Askari mwenye mshahara anaweza kukopa na kujenga kabla ya kutoka kambini. Hii ndiyo kinga bora kwa kizazi cha sasa. Haiwezi, hata hivyo, kuwafikia walioachiwa mwaka 1992 hadi 1995, waliotawanyika kabla yao, wala wajane wao.

Linalokosekana ni daraja la kumtoa mtu kwenye orodha ya wanajeshi wa zamani na kumfikisha kwenye mipango ya makazi iliyopo. Daraja hilo ni fomu. Ofisi ya Takwimu ya Uganda imekwisha kuonesha kwamba fomu inaweza kusikiliza lugha ya watu: katika maelezo yake ya aina za nyumba, neno muzigo limewekwa kama lilivyo, kwa sababu hakuna neno jingine linalolielezea jengo hilo vizuri zaidi kwa anayehojiwa. Uhakiki wa wanajeshi wa zamani unaweza kufanya vivyo hivyo.

7.0 Mapendekezo

Makala yanapendekeza kwamba fomu za uhakiki zinazotumika katika Jinja na Mbale ziwe na toleo la Kiswahili, na kwamba ziongezwe maswali manne yafuatayo, yaulizwe kwa mdomo na mtu anayejua kumwita mhojiwa Afande au Mzee kama inavyostahili:

(a) Unalala wapi sasa, na umelala hapo kwa muda gani?
(b) Mahali hapo ni pa nani, na ni nani aliyekuruhusu kukaa?
(c) Je, una ardhi au kiwanja kwa jina lako, la mwenzi wako au la ukoo? Kama ni la ukoo, sehemu yako imewekewa mipaka mbele ya mashahidi?
(d) Ukiondoka duniani leo, nani atabaki mahali hapo bila kufukuzwa?

Swali la kwanza linamtambua anayelala kwa shemeji na anayelala katika muzigo. La pili linatenganisha ruhusa na haki. La tatu linaichunguza dhana ya kwao badala ya kuiamini. La nne linamweka mjane ndani ya hesabu kabla hajawa mjane.

Majibu yataelekeza aina ya msaada. Mwenye ardhi ya ukoo isiyo na mipaka anahitaji kwanza cheti cha umiliki wa kimila, ambacho Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakitambua. Gharama ya cheti hicho ni ndogo kuliko ya nyumba, na bila hicho mabati yatakuwa sababu ya ugomvi. Mwenye ardhi iliyo salama anahitaji vifaa na fundi. Asiye na ardhi, mwenye maradhi au umri mkubwa, anahitaji msaada wa kodi kwa mkataba ulioandikwa, kwa kuwa vyumba vya kupanga vipo tayari mjini. Asiye na ardhi lakini mwenye nguvu za kufanya kazi aingizwe katika miradi ya jiji ya viwanja na nyumba za gharama nafuu, kwa nafasi zilizotengwa na hati iliyoandikwa kwa majina ya wenzi wote wawili.

Aidha, istilahi zenyewe zihitaji uamuzi wa kitaasisi. Baraza la Taifa la Kiswahili, ambalo kuundwa kwake kuliidhinishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2019, linafaa kushauriana na wizara ya ulinzi juu ya tafsiri rasmi za veterani, mstaafu, mpiganaji wa zamani, pensheni na kiinua mgongo, ili mtu asipoteze stahili yake kwa sababu wilaya mbili zimefasiri neno moja kwa namna mbili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba msaada wa makazi kwa wanajeshi wa zamani wa Jinja na Mbale umekwamishwa na fedha, na pia na dhana iliyojificha katika maneno. Mipango ilimrudisha askari kwao bila kuuliza kama kwao kuna ardhi, ilimpa godoro bila kuuliza atalitandika wapi, na pale ilipompa nyumba haikumpa hati. Kizazi cha walioachiwa miaka ya 1990 sasa kinazeeka, na wajane wao wanaongezeka. Kadiri majiji yanavyopanuka, ndivyo ruhusa za mdomo za kukaa zinavyogeuka kuwa notisi za kuondoka. Kuongeza maswali manne katika fomu ni hatua inayoweza kuchukuliwa kabla ya bajeti ya ujenzi kupitishwa, na ndiyo itakayoonesha bajeti hiyo inapaswa kuwa ya kiasi gani.